Mvumilivu Anakula Nini? Tenisi ya Madaraja ya Chini na Majuma Mawili ya Kigali

Mwishoni mwa Februari 2024 wacheza tenisi kutoka mabara mbalimbali walishuka kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe, mikoba mirefu ya raketi begani, wakaelekea kwenye viwanja vya udongo vya klabu ya Ecology ndani ya chuo cha IPRC Kigali. Rwanda ilikuwa inaandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya Challenger, daraja la pili la tenisi ya kulipwa ya wanaume, lililo chini ya mashindano makubwa ya ATP. Kwa mkazi wa Kabeza, mtaa wa maduka, baa na mishikaki ulio jirani na uwanja wa ndege na ndani ya wilaya hiyohiyo ya Kicukiro, ilikuwa safari fupi ya pikipiki kwenda kuwaona. Habari nyingi zilimhusu Yannick Noah, bingwa wa Roland Garros wa mwaka 1983, aliyekuwapo kwenye ufunguzi pamoja na Rais Kagame. Wachezaji wenyewe walitajwa kwa mistari michache, na hilo halishangazi, kwa kuwa wengi wao hawajulikani hata katika miji walikozaliwa. Lakini ndio walioyabeba mashindano, na ndio wanaozua swali ambalo Kigali italazimika kulijibu iwapo kweli inautaka mchezo huu: mtu anawezaje kudumu miaka kumi au kumi na mitano katika kazi ambayo kwa wengi wao hailipi?

Aliye mfano mzuri zaidi ni Marco Trungelliti, Muargentina aliyezaliwa Santiago del Estero mwaka 1990. Kigali kulikuwa na mashindano mawili mfululizo mwaka ule na alifika fainali zote mbili. Ya kwanza alifungwa na Kamil Majchrzak wa Poland, ya pili akatwaa taji. Alikuwa na miaka 34. Kiwango chake cha juu kufikia hapo kilikuwa nafasi ya 112 duniani, aliyoipata Machi 2019, maana yake katika miaka yote ya kazi hakuwa ameingia 100 bora hata kwa juma moja. Na si kwamba hajui kucheza. Mwaka 2016, kwenye raundi ya kwanza ya Roland Garros, alimtoa Marin Čilić, bingwa wa zamani wa US Open aliyekuwa ameorodheshwa wa kumi katika mashindano yale. Miaka miwili baadaye alitolewa kwenye hatua ya mwisho ya mchujo wa mashindano hayohayo, akarudi Barcelona alikokuwa akiishi. Huko Paris wachezaji wakaanza kujiondoa mmoja baada ya mwingine, na nafasi zao zikawa zinatolewa kwa walioshindwa kwenye mchujo. Nick Kyrgios alipojiondoa kwa sababu ya kiwiko, nafasi ilimfikia Trungelliti. Alikodi gari, akampakia mama yake, mdogo wake na bibi yake mwenye umri wa karibu miaka 90, wakaendesha kilomita kama 1,000 hadi Paris, wakafika karibu na usiku wa manane. Kesho yake asubuhi aliingia uwanjani akamshinda Bernard Tomic kwa seti nne.

Magazeti ya dunia yalimpenda bibi. Mimi naona kilicho muhimu zaidi katika safari ile ni fedha. Kuingia tu raundi ya kwanza mwaka ule kulikuwa na thamani ya euro 40,000, na kwa kufika raundi ya pili Trungelliti alipata 79,000. Kiasi hicho kinaweza kuendesha maisha ya mchezaji wa daraja lake kwa zaidi ya mwaka mzima, na kilipatikana kwa mechi moja, kwa sababu kiwiko cha mtu mwingine kiliuma. Aliyekuwa mbele yake kwenye foleni, Prajnesh Gunneswaran wa India, alikuwa ameshaondoka Paris na kujiandikisha kwenye Challenger ya Vicenza, Italia, kwa hiyo hakuruhusiwa kurudi. Alifanya anachofanya kila mchezaji mwenye bidii: ukitolewa hapa, wahi mashindano yanayofuata. Bidii hiyo ndiyo iliyomkosesha. Nikiona wanaosifu uvumilivu wa wachezaji kama hawa nawakumbuka hao wawili, kwa sababu wote walivumilia kwa kiwango kilekile, na tofauti ya mapato yao juma lile haikuhusiana kabisa na moyo wa yeyote kati yao.

Tuangalie hesabu za ngazi zilizo chini zaidi, kwani ndiko kila mtu anakoanzia. Chini ya Challenger kuna mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF), yanayoitwa M15 na M25 kwa wanaume, na W kwa wanawake. Katika M15, dola 15,000 hugawanywa kwa wachezaji wote wa droo, wa mmojammoja na wa wawiliwawili. Bingwa hupata takriban dola 2,160 na pointi 15. Anayefungwa mechi ya kwanza huondoka na takriban dola 156 bila pointi yoyote, kabla ya kukatwa kodi. Nauli, hoteli, chakula, kufunga nyuzi za raketi, vyote ni juu yake. Mapitio ambayo ITF yenyewe iliyafanya kwa takwimu za mwaka 2013 yalikadiria kwamba mchezaji wa kiume alihitaji wastani wa dola 38,800 kwa mwaka ili kushiriki mashindano, bila kuhesabu kocha, na kwamba mapato yalianza kulingana na gharama kwa aliye nafasi ya 336 duniani. Kwa wanawake ilikuwa nafasi ya 253. Mwaka huohuo asilimia moja ya wanaume, yaani wale 50 wa juu, walichukua asilimia 60 ya zawadi zote. Ukigawanya 38,800 kwa zawadi ya bingwa wa M15 unapata mataji 18 kwa mwaka mmoja, ili tu usidaiwe. Ukigawanya kwa zawadi ya aliyetolewa raundi ya kwanza unapata majuma 249, karibu miaka mitano ya kucheza kila juma bila kupumzika. Na gharama za leo hazijabaki pale zilipokuwa mwaka 2013.

Juu ya hayo, pointi zina muda wa kuishi. Ulichokipata juma hili kitafutwa baada ya majuma 52, kwa hiyo mchezaji haweki akiba ya kiwango. Kila mwaka anakitafuta upya. Akiumia goti miezi sita, anarudi na kukuta nusu ya jina lake imefutika. Ndiyo maana namchukulia mchezaji wa daraja la chini kama mfanyabiashara mdogo anayejilipia mtaji, usafiri na matibabu, ambaye mshahara wake hutegemea kama jana alimshinda mtu mwenye njaa ileile. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hawakusema anakula nini wakati matunda yangali mabichi, na mjadala wote wa tenisi ya kulipwa umo katika pengo hilo. Ukimwona mtu amedumu miaka kumi katika nafasi ya 250 au ya 400, usiulize kwanza ana moyo wa namna gani. Uliza nani amelipa: familia, klabu, chuo kikuu, shirikisho, au ligi za klabu za Ujerumani na Ufaransa ambazo huwapa wachezaji wa aina hii malipo ya mechi ambayo mara nyingi hushinda zawadi za M15.

Hoja yangu ni kwamba uvumilivu katika mchezo huu umegawanywa kijiografia, na Afrika Mashariki haimo kwenye mgao. Historia yetu fupi inaonyesha hivyo. Mkenya Paul Wekesa, aliyezaliwa mwaka 1967, ndiye aliyefika juu kuliko wanaume wote wa ukanda huu: nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, na mataji matatu ya ATP ya wawiliwawili. Alipitia Chapman, chuo cha California, kabla ya kuingia kwenye tenisi ya kulipwa, na alipogusa 100 bora alikuwa anakaribia miaka 28. Hiyo ni kazi ya mvumilivu, lakini msingi wake uliwekwa na chuo cha Marekani. Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake Nairobi na kutwaa taji la Wimbledon la wasichana wawiliwawili mwaka 2022 pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alielekea Chuo Kikuu cha Auburn. Mrundi Sada Nahimana alikulia kimchezo kwenye kituo cha ITF cha Casablanca. Wote watatu ilibidi waondoke kwanza. Sisemi kuondoka ni vibaya. Chuo cha Marekani humpa mtu elimu, kocha na viwanja kwa miaka minne, na sidhani kama kuna msaada mwingine unaoukaribia. Ila nafasi hizo ni chache, na siku masomo yanapokwisha mchezaji anarudi kwenye swali lilelile la nauli.

Kuna wachezaji wawili ambao ukiwalinganisha swali hilo linaonekana wazi kabisa. Aziz Dougaz wa Tunisia na Guy Orly Iradukunda wa Burundi walikuwa pamoja kwenye timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida katikati ya miaka ya 2010, na Iradukunda hakuwa msindikizaji. Alikuwa miongoni mwa wachezaji walioheshimika kwenye tenisi ya vyuo. Baada ya chuo, Dougaz alipanda hadi ndani ya 300 bora duniani na kubaki mchezaji wa Challenger. Iradukunda hakufika huko. Mtu atasema kipaji, jeraha, bahati, na huenda vyote vina sehemu yake. Wanadamu wawili hawathibitishi kanuni. Lakini Dougaz alikuwa raia wa nchi ambayo mji wake mmoja, Monastir, huandaa mashindano madogo ya ITF juma baada ya juma kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mtunisia anayefungwa Jumanne hulala nyumbani au kwa ndugu, akasubiri Jumatatu ijayo. Mrundi anayefungwa Jumanne hiyohiyo yuko ugenini, hoteli inahesabu usiku, tiketi ya kurudi ina tarehe yake, na viza ya mashindano yanayofuata bado iko mezani ubalozini. Kwa Mtunisia kushindwa mechi moja kunagharimu siku moja, wakati kwa Mrundi kunaweza kumaliza msimu mzima.

Sasa mfikirie kijana wa Kabeza mwenye miaka 18 na mkono mzuri. Yumo kwenye mji ulio juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na mpira hukimbia, kiasi kwamba sheria za ITF zina aina maalumu ya mpira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Amejifunza kupiga kwa kuupunguza mpira na kuuzungusha sana ili usitoke nje. Anapoenda Monastir, kando ya bahari, kwenye uwanja wa saruji, mpira unakuja mzito na kudunda tofauti, na mpigo ambao nyumbani ulikuwa unamaliza pointi sasa unarudishwa bila shida. Anahitaji juma zima kuzoea. Ila juma la kwanza ndilo analotolewa kwa dola 156, na huenda asiwe na juma la pili. Makocha wa viwanja vya udongo vya Kigali hawahitaji kuambiwa hili. Na mpira wenyewe ni mdogo ukilinganisha na mengine: nauli ya ndege za kuunganisha, viza, na ukweli kwamba pengine atafika saa chache kabla ya mechi ya mchujo kwa sababu tiketi ya siku mbili kabla ilikuwa ghali zaidi.

Ndiyo maana nasema mwelekeo ambao Kigali imeuchukua unahitaji kuhojiwa. Mwaka 2023 IPRC Kigali iliandaa M25. Mwaka 2024 ikaja Challenger 50, mara mbili. Mwaka 2025 ikapandishwa kuwa Challenger 75 na Challenger 100. Nambari hizo ni pointi anazopata bingwa, na kila zikipanda, kiwango cha wanaojiandikisha kinapanda nazo. Ni maendeleo ya kweli na yanastahili sifa. Bara zima lina mashindano machache tu ya Challenger, wakati kalenda ya dunia ina takriban 200 kwa mwaka. Na kwa wageni yamekuwa ya faida kubwa. Majchrzak alikuja Kigali akiwa anajenga upya kazi yake baada ya kufungiwa kwa kesi ya dawa iliyomalizika kwa kukubaliwa kwamba alidhurika na bidhaa iliyochafuliwa. Mwaka uliofuata alifika raundi ya nne ya Wimbledon. Mfaransa Valentin Royer alitwaa taji Kigali mwaka 2025 na miezi michache baadaye akacheza fainali ya ATP huko Hangzhou. Wanyarwanda waliopewa kadi za mwaliko hawakufika mbali, na hawakutegemewa kufika. Mtu asiye na pointi hata moja anapewa mechi moja kwa mwaka dhidi ya mtu wa nafasi ya 200, anafungwa, anapigwa picha. Anayetolewa raundi ya kwanza ya Challenger hapati pointi yoyote, kwa hiyo Jumanne jioni anakuwa palepale alipokuwa Jumapili. Ngazi imewekwa Kigali, vipandio vyake vya juu ni vizuri, ila cha kwanza kiko Monastir. Ninachopendekeza ni kwamba Kigali iandae M15 pia, na najua pingamizi zake.

Pingamizi la kwanza ni la wanaoamini kwamba kipaji hakizuiliki: aliye bora atapanda, asiyepanda hakustahili. Wana mfano mzito. Oktoba 2025 Valentin Vacherot wa Monaco, akiwa nafasi ya 204 duniani, aliingia kwenye mchujo wa Shanghai baada ya wengine kujiondoa, akamshinda Novak Djokovic kwenye nusu fainali, na kwenye fainali akamfunga binamu yake Arthur Rinderknech. Hakuna mtu wa kiwango cha chini hivyo aliyewahi kutwaa taji la Masters 1000. Alipokea zaidi ya dola milioni moja kwa mashindano hayo. Ni ushahidi kwamba nafasi ya 204 na nafasi ya 20 zinakaribiana kuliko orodha inavyodai, na mimi naukubali. Lakini tazama alikuwa ameegemea nini hadi siku ile ifike, akiwa na miaka 26: kocha wake ni ndugu yake kwa upande mmoja wa wazazi, chuo chake kilikuwa Texas A&M, ambako Rinderknech naye alipita, na kwao kuna klabu maarufu ya Monte Carlo. Alikuwa na watu wa kumshikilia miaka yote ambayo hakuna aliyekuwa akimtazama. Kama nafasi ya 204 imejaa watu wenye uwezo wa kufanya hivyo, basi kinachoamua ni nani atakuwa bado yupo nafasi itakapojitokeza, na hapo tunarudi kwenye nauli. Hata ATP imelikiri hilo kwa vitendo: mwaka 2024 ilianzisha mpango wa majaribio unaowahakikishia 250 bora kipato cha chini, mwaka ule dola 75,000 kwa walio kati ya 176 na 250, na zaidi kwa walio juu yao. Wa 251 hana chake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mashindano madogo ndiyo shimo la upangaji wa matokeo, kwa hiyo kuongeza M15 ni kuongeza rushwa. Jopo huru lililoongozwa na mwanasheria Mwingereza Adam Lewis lilitoa ripoti mwaka 2018 baada ya kuwahoji zaidi ya wachezaji 3,000, na 464 kati yao walisema wana ufahamu wa moja kwa moja wa mechi kupangwa. Lilionyesha jinsi ITF ilivyouza matokeo ya papo kwa papo ya mashindano madogo kwa makampuni yanayohudumia kamari, na jinsi mchezaji asiyeweza kulipia chumba anavyogeuka kuwa bidhaa rahisi kununua. Trungelliti mwenyewe alifuatwa na watu hao mwaka 2015, akatoa taarifa kwa kitengo cha uadilifu cha tenisi, na ushahidi wake ukachangia kuadhibiwa kwa Waargentina watatu. Malipo aliyopata ni kuitwa msaliti na baadhi ya wenzake. Hatimaye alihamia Andorra. Sipuuzi hatari hiyo. Lakini dawa ya kupunguza ngazi za chini imeshajaribiwa. Januari 2019 ITF ilianzisha mfumo ulioondoa pointi za ATP kwenye mashindano mengi madogo ili idadi ya wanaojiita wachezaji wa kulipwa ipungue. Wachezaji wengi waliamka wakajikuta hawamo kwenye orodha yoyote, wakaandamana kwa maandishi dunia nzima, na kufikia Agosti mwaka huohuo pointi zilirudishwa. Kilichofeli pale kilikuwa dhana kwamba unaweza kukata mizizi ukabaki na matawi. Rushwa inapungua mahali ambapo mchezaji analala kitanda kilicholipiwa na mwandaaji na matokeo ya kila pointi hayauzwi, na yote mawili yako ndani ya uwezo wa shirikisho dogo lenye nia.

Wako pia watakaosema kwamba Rwanda haiandai tenisi kwa ajili ya tenisi. Nchi iliyoweka Visit Rwanda kwenye jezi za Arsenal mwaka 2018, iliyoleta ligi ya mpira wa kikapu ya BAL kwenye uwanja wa ndani wa Remera mwaka 2021 na mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani Septemba 2025, inauza jina lake, na M15 haiuzi jina la mtu. Ni kweli. Hakuna televisheni itakayorusha raundi ya kwanza kati ya wawili walio nje ya 1,000 bora. Hata hivyo baiskeli, mchezo uleule wanaoutolea mfano, inasema kinyume. Mashindano ya dunia hayakutua Kigali kutoka angani. Kabla yake kulikuwa na miaka mingi ya Tour du Rwanda, na kabla ya Tour kupandishwa hadhi kulikuwa na vijana wa Rwanda wanaoshindana nyumbani kila msimu, mbele ya watu wao, kwenye barabara walizozijua. Tenisi ilianza na paa. Tena gharama ya ninachopendekeza ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Fedha za zawadi za juma moja la Challenger 100 zinatosha kulipia zawadi za majuma manane ya M15. Waamuzi na malazi ni juu ya hapo, najua, lakini viwanja vipo, mipira ya mwinuko ipo, na wafanyakazi wameshafunzwa kwa mashindano makubwa kuliko hayo.

Linabaki lile ambalo mzazi wa Kabeza atauliza kabla ya wote, na ana haki: kwa nini mwanangu apoteze ujana kwenye kazi ambayo wa 336 ndiye anaanza kurudisha nauli? Si angejifunza ufundi hapohapo IPRC? Nisingemwambia kwamba mtoto wake atakuwa Wekesa. Conor Niland wa Ireland, aliyefika nafasi ya 129, alichapisha kitabu kiitwacho The Racket mwaka 2024 kuhusu maisha hayo, na anayekisoma hatamaliza akiwa na ndoto nyepesi. Ningemwonyesha badala yake wanaoishi kwa tenisi Kigali leo. Kama ilivyo Nairobi na Kampala, wengi walianza wakiwa waokota mipira wa klabu, wakajifunza kwa raketi za kuazima jioni wanachama wakishaondoka, wakacheza walipoweza, na sasa wanafundisha watoto wa wale wanachama. Kufundisha tenisi ni kazi halali inayolisha familia, na thamani yake hupanda kwa kiwango alichofikia kocha. Kocha aliyewahi kupata pointi hata tano za ATP anajua vitu ambavyo havimo kwenye semina: jinsi ya kutunza pumzi kwenye seti ya tatu mchana, jinsi ya kumwanzishia mpira mtu wa mkono wa kushoto, lini kujiondoa ili usivunjike. Majuma manane ya M15 kila mwaka yangezalisha watu kumi wa namna hiyo ndani ya muda mfupi, hata kama hakuna mmoja wao atakayeiona Paris. Kwa mzazi hiyo ni hesabu anayoweza kuikubali, mradi umri wa kuacha ujulikane mapema na shule isiachwe njiani.

Kwa hiyo ombi langu linaelekea kwa Shirikisho la Tenisi la Rwanda na wizara ya michezo, na ni la kalenda tu. Challenger zibaki, zimefanya kazi nzuri na wageni wanazipenda. Lakini maombi yajayo kwa ITF yawe ya majuma manne mfululizo ya M15 na W15 kabla ya Challenger, na manne mengine nje ya mvua za masika, kwenye viwanja hivyohivyo vya Kicukiro, vitanda vikilipiwa na mwandaaji na nafasi za mchujo zikiachwa wazi kwa Warundi, Waganda, Watanzania na Wakongo, ambao hufika Kigali kwa basi. Kadi za mwaliko za Challenger zisigawiwe tena kwa heshima; apewe aliyekusanya pointi nyingi kwenye majuma hayo. Baada ya misimu mitatu tutakuwa na majina ya kuyatazama kwenye orodha ya dunia. Yakiwa hayamo, shirikisho litakuwa na haki ya kusema lilijaribu, na fedha zirudi kwenye baiskeli.